Mtoto wa Mwisho Matogoro

Kwa pigo la tatu bawaba ziling'oka, na Balozi Xaveri akaangukia ndani pamoja na mlango wa Thadei. Mguu wake wa kushoto, ulionyong'onyea kwa polio tangu utotoni, haukuwa wa kumwinua upesi. Aliinuka kwa fimbo.

"Mtoto yuko wapi?"

"Sina binti wa kufungwa kizazi," Thadei alisema. "Matone yenu ya polio Matogoro nzima inayajua."

Fimbo ikamshukia mdomoni. Meno mawili yakadondoka sakafuni.

Tangu vyama vingi viingie, watu walikuwa hawamsikii tena balozi wa nyumba kumi. Fimbo yake waliisikia vizuri tu. Siku hiyo alikuwa ameshawatoa watoto kumi na mmoja, wengine uvunguni, mmoja ndani ya pipa la pombe. Nesi Dorine alimfuata na boksi la barafu la chanjo.

"Balozi, inatosha jamani. Amebaki huyu mmoja tu."

"Huyo mmoja ndiye atakayeurudisha ugonjwa, sista. Mimi nilikuwa mmoja."

Alimkuta mtoto kihengeni, amefukiwa mahindi hadi shingoni. Mama yake, Benigna, akamrukia Xaveri na kumng'ata mkono mpaka damu ikachuruzika. Xaveri akambamiza ukutani, akambana mtoto mashavu hadi mdomo ukafunguka. Matone mawili yakaingia.

Dorine akampaka mtoto wino wa zambarau kwenye kidole kidogo. "Wote tunawapaka mkono wa kushoto," alimwambia Benigna kwa aibu. "Wa kulia wangelamba wino kwenye ugali."

"Na mtoto wako, Xaveri?" Thadei aliuliza, akitema damu.

"Wangu alikuwa wa kwanza!"

Na kweli, alfajiri mkewe Leticia alimbeba mwenyewe binti yao Ida kwenda kituoni. Aliporudi alikichomoa kidole cha mtoto kwenye mbeleko, kimekolea zambarau, akamwonyesha. Ida walimpata baada ya miaka minane ya ndoa, miaka ambayo mashemeji walimwita Leticia tasa hadharani. Xaveri alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Angeua mtu kuliko kumwona akiburuta mguu kama yeye.

Jioni gari la chanjo liliondoka na karatasi iliyoandikwa kwamba mtaa umekamilika.

Nyumbani, Leticia alimwosha Xaveri jeraha, akalipaka ile dawa ya zambarau ya vidonda. Chupa waliyoinunua juzi ilikuwa imebaki nusu.

"Wote wamepata?" aliuliza, bila kumtazama.

"Wote, mama Ida. Hakubaki hata mmoja."

Ida alikuwa ameketi mkekani mbele ya sahani yake. Akamega tonge kwa mkono wa kulia, kama mama yake alivyomfundisha, akalichovya kwenye maharage, na kidole chake cha zambarau kikaingia mdomoni pamoja nalo.