Mbegu Zenye Tope

Kila mwaka wanyama wa bondeni walimchagua mwimbaji bora kwa kura. Kila mmoja alitia mbegu moja kwenye kibuyu cha mwimbaji ampendaye, kilichowekwa pale anapoimbia, na Nguchiro, msimamizi wa tuzo, alizihesabu peke yake. Mshindi alipewa bwawa lisilokauka. Mwaka huo Mama Chura alilihitaji mno, maana dimbwi lake lilikuwa limebaki tope na watoto wake walianza kutweta.

Nguchiro alitaka Kasuku ashinde, kwa kuwa alipendeza machoni. Alipobaki peke yake, alimimina mbegu za Chura kwenye kibuyu cha Kasuku, kisha akatangaza, "Kasuku ameshinda!"

Kasuku akachungulia ndani. "Mzee Nguchiro, kibuyu changu kilikuwa juu ya tawi kavu. Mbegu hizi zimepata wapi tope?"

"Nyamaza wewe! Si umeshinda?"

"Nimeshinda nini? Mimi mwenyewe nilimpigia kura Mama Chura. Wimbo wake ulinilaza kama mtoto."

Wanyama wakacheka, wakamwaga mbegu zote hadharani na kuzihesabu pamoja. Zenye tope, za Mama Chura, zilikuwa nyingi zaidi, naye akapewa bwawa. Wakakubaliana kuhesabu hivyo kila mwaka.

Kasuku akaanza kuwabeba viluwiluwi bwawani, kwenye jani lenye maji. Nguchiro alisimama kando akiona haya, mpaka Mama Chura alipomwita, "Njoo, baba, ushike jani lingine. Jua linawaka na watoto bado wengi."