Usimtoe Mfukoni

"Usimvute. Ukimvuta utamchana mdomo."

Beryl Pascoe alisogeza mkate wake pembeni. Alikuwa akijitolea kupokea simu za wanyama walioumia, hapo hapo jikoni kwake, na simu hii ya mapema ilitoka kwa mzee mmoja aitwaye Clive, aliyegonga kangaruu kwenye barabara ya machimbo. Mama kafa. Mfukoni mwake mna kitoto kisicho na manyoya bado, kimeng'ang'ania chuchu.

Beryl alivijua vitoto vya namna hiyo. Chuchu huvimba mdomoni, hakibanduki mpaka mlezi wa wanyama aje na mkasi wake aikate. Lakini nje majani yalikuwa meupe kwa baridi, na mama aliyekufa hupoa. Akipoa yeye, na mtoto basi tena.

Kwa simu ya pili akampata Trish, mlezi wa upande ule. Trish akasema ndio anavaa viatu.

Beryl akaendelea na maswali kama alivyofundishwa. Kangaruu yuko barabarani?

"Niko naye garini," alisema Clive. "Kiti cha mbele, kama mke wangu."

Beryl akamsifu, maana wengine huwaacha njiani wakaenda zao kazini. Clive akacheka hadi akakohoa, akasema huyu hata angetaka kumwacha asingeweza. Beryl akaona kweli huyu mzee ana moyo.

"Sasa ingiza mkono mfukoni, umfunike kwa kiganja. Usiutoe mpaka Trish afike."

"Na simu?"

"Weka spika, uilaze."

"Haya, bibie. Mkono wenyewe leo ninao mmoja tu."

Akamwambia awashe hita. Clive akasema gari limegoma. Beryl akanung'unika juu ya wazee na magari yao ya zamani, na Clive akajibu kwamba gari lake ni dogo kwake kwa miaka kumi, lina haki ya kuchoka.

Kisha majibu yake yakaanza kuwa mafupi. Beryl akadhani anasinzia, akamkemea: mtu halali na roho ya kiumbe mkononi. Clive akasema basi amwimbie. Beryl akaimba wimbo wa kanisani, kwa sauti ile ile inayowafanya watu wa kwaya wamwombe akae nyuma, na katikati ya beti akamwomba Mungu kimoyomoyo.

"Kimesogea," Clive alisema. "Kinaukimbia wimbo wako."

"Kisogee tu. Wewe usitoe mkono."

Beti zikamwishia, akarudia za mwanzo. Hatimaye akasikia mlango wa gari ukifungwa kwa mbali, halafu hatua za kukimbia.

"Trish? Kitoto vipi?"

"Kizima, tena kina joto. Mzee hataki nimguse yeye kabla ya kukitoa." Trish alikuwa akihema. "Beryl, ita gari la wagonjwa, na zimamoto waje na vifaa vya kukatia chuma. Kangaruu ameingilia kioo cha mbele, gari limekumbatia mti, na miguu ya mzee imebanwa chini ya usukani. Namuuliza mbona hakukwambia, anasema wewe hukumuuliza."