Ukurasa wa Majibu

Kibwana alifungua kitabu cha mazoezi ya Kiingereza kwenye ukurasa wa majibu. Kiingereza hakijui, lakini A, B, C na D anazijua. Binti yake Mwanaidi akichagua neno la kujaza pengo, anataja herufi, naye anaangalia kama ndiyo. Marehemu mkewe ndiye aliyekuwa akiifanya kazi hii.

Wakubwa wa shule wamesema atakayefeli mtihani wa kesho anarudia darasa. Kwamba mtoto kafiwa, wao haiwahusu.

“La kwanza C,” Mwanaidi alisema kwa sauti ndogo.

Kibwana alipitisha kidole kwenye mstari. “Ndiyo.”

“La pili D.”

“Ndiyo.”

Walipofika la nane Mwanaidi alikuwa hajakosa hata moja, na sauti yake ilikuwa imepanda.

“Baba, unachelewa. Mama alikuwa anajibu hata sijafunga mdomo.”

“Mama yako alikuwa anakupendelea.”

Mwanaidi alicheka. Tangu msiba hakuwa amecheka.

“La tisa B. Baba?”

Herufi zilikuwa zinamwogelea machoni. “Subiri, mwanangu. Nimepotea mstari.”

Mwanaidi alisogea, akakishika kidole cha baba yake, akakiweka kwenye mstari wa tisa.