Majani ya Mtihani

Tangu walipotoka Manyoni, macho ya Godfrey yalikuwa yanatafuta majani. Si porini, barabarani. Kila lori lilipomaliza kilima alinyoosha shingo, na kila alipokuta lami tupu alijifuta viganja kwenye suruali, kimoja kimoja, usukani usije ukamteleza.

"Tulia, kijana. Kiti hakina miiba," alisema Mzee Mazengo, mkufunzi wake, mtu wa maneno machache ambaye kofia yake ya sufu haikuvuliwa hata jua likiwa utosini.

"Nimetulia, mwalimu."

Hakuwa ametulia hata chembe. Kampuni iliwalipia wanafunzi wake kila kitu, darasa, chakula, kitanda, hadi leseni, nayo ilitaka tu mtu afaulu kisha aiendeshee malori kwa miaka miwili. Lakini haikuwa inambembeleza mtu. Jaribio la barabarani lilikuwa na nafasi tatu, na Godfrey alikwisha kuzichezea mbili. Mara ya kwanza aling'oa kioo cha pembeni getini. Mara ya pili injini ilimzimikia mlimani, basi zima la abiria likimtazama. Leo akianguka, anarudi Itigi kuchunga ng'ombe wa baba yake, na kaka zake walikuwa wameshaanza kumcheka kwenye simu.

Aliyempa matumaini alikuwa Witness. Huyo ndiye kinara wa kundi lao, na ndiye msichana ambaye Godfrey alikuwa hajapata ubavu wa kumwambia yaliyo moyoni. Jana, wakiosha magari, alimvuta pembeni.

"Sikiliza. Ukishapita Issuna, kwenye kona yenye jiwe kubwa, utakuta majani barabarani. Usidhani kuna gari bovu. Ni mtihani huo. Hezekia, yule fundi anayekaa Ikungi, anakuja na pikipiki anayaweka, halafu anajificha kichakani. Wewe simama, shuka, yaondoe. Wenzetu wote waliotangulia wamefaulia hapo."

Somo lenyewe Mzee Mazengo alilirudia darasani mpaka likawachosha. Gari likikuharibikia, kata matawi uyatandaze nyuma, anayekuja apate kujua. Ukishatengeneza, yaondoe, maana majani yasiyo na gari huwazoesha madereva kuyadharau yenye gari. Na ukikuta majani ya mwenzako, usiguse hata jani moja kabla hujatembea kwa miguu ukaona kwa macho yako kwamba mbele hamna kitu.

"Mimi nitakuwa nyuma yako," Witness alimalizia, akimrushia povu la sabuni. "Tukifaulu wote, kuku wa kienyeji pale Singida unanunua wewe."

Kwa kuku huyo, Godfrey angeendesha kinyumenyume hadi Kigoma.

Wakaipita Issuna. Barabara ikaanza kuteremka, na lori lilivyokuwa limesheheni saruji, Godfrey akashusha gia. Mara akaliona jiwe, kubwa kama nyumba, limejibanza kando ya lami na kuificha kona yote. Na kabla ya jiwe, majani.

Alipunguza mwendo, akawasha taa za tahadhari, akaegesha pembeni bila kosa. Aliposhuka moyo ulikuwa unamdunda kwa furaha. Leo Hezekia alikuwa amejituma kweli: si matawi mawili matatu, bali lundo baada ya lundo, yametandazwa mbali kabisa. Palikuwa na mchirizi wa oili mbichi kwenye lami, akauruka asichafue viatu. Akayakusanya matawi yote akayatupa, kisha akakikonyeza kichaka, maana alijua Hezekia yumo humo anamtazama.

Kona aliiangalia kwa mbali tu. Kutembea mpaka kule kungekula muda, na mtu aende kutazama nini? Akarudi mbio kwenye lori na kupanda.

"Umeyatoa yote?" aliuliza Mzee Mazengo.

"Yote, mwalimu."

"Na kule konani ulifika?"

"Nilifika. Hamna kitu."

Kwa mara ya kwanza tangu Godfrey amfahamu, Mzee Mazengo alivua kofia. Kichwa chake kilikuwa na mvi tupu.

"Hongera, dereva."

Dereva. Godfrey aligeukia dirishani, maana machozi yalikuwa yameshamlenga. Alimfikiria baba yake, akawafikiria na kaka zake, ila zaidi alimfikiria Witness, na safari hii aliapa kwamba wakishakaa mezani atamwambia yote.

"Usiondoke kwanza," mzee alisema, akitoa simu mfukoni na kuiweka kwenye spika. "Mwenzako anakuja, inabidi na yeye ayakute. Hezekia! Toka huko kichakani urudishe majani. Fanya haraka."

"Majani gani tena, mzee?" ilijibu sauti ya Hezekia, nyuma yake pakisikika nyundo za gereji. "Mimi bado niko hapa Ikungi, pikipiki imepata pancha. Ndiyo nilikuwa nataka kukupigia."

Kwenye kioo cha pembeni lori la Witness lilikuwa linashuka mteremko. Likawapita, mkono wake ukipunga dirishani, likapiga honi mbili za pongezi, likaingia konani bila kupunguza mwendo.