Kopo la Mzee Yotham

Kengele ya mlangoni ililia, na mlinzi wa benki akamwomba Mzee Yotham afungue kopo.

"Halifunguliwi hapa," mzee akasema. "Linafunguliwa mbele ya wenye benki."

Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, limezungushiwa mpira wa baiskeli kuanzia juu hadi chini. Mlinzi alilitikisa, akamgeukia Sidonia, binti wa mzee. Sidonia akaeleza kwamba ni noti za zamani tu, zile zilizotangazwa kuondolewa. Baba amekuja kuzibadilisha. Wakaruhusiwa kupita.

Foleni ilikuwa ya watu wawili. Hilo lilimtia Sidonia wasiwasi, maana redioni alisikia watu wanajazana.

Akatazama simu. Saa sita na robo. Mumewe, Meshack, alimpa ruhusa hadi saa tisa awe amerudi Ihumwa, na saa tisa ya Meshack haikuwa na dakika za nyongeza. Jua la Dodoma lilikuwa linawaka, lakini Sidonia alivaa sweta la mikono mirefu. Waliomfahamu walishaacha kumuuliza kwa nini.

Wito wa baba yake ulikuja wiki tatu zilizopita. "Njoo unipeleke benki kabla hawajafunga." Sidonia alimsihi aende na jirani yeyote wa kule Mtera, mzee akakataa katakata. "Lazima uwepo wewe." Basi Sidonia akaomba ruhusa kwa Meshack. Meshack akakataa wiki ya kwanza, akakataa ya pili na ya tatu, na jana, Jumapili, akakubali ghafla, kama mtu aliyechoka na mchezo.

Sidonia alikuwa na kinyongo na kopo lile. Mama yake alifariki yeye akiwa bado msichana, na tangu aolewe mzee aliishi peke yake kwenye tembe la udongo linalovuja kila masika. Ukimwambia anunue bati, alijibu, "Zile si za kutumika." Macho yake yaliingia ukungu, daktari akasema ni upasuaji mdogo tu, mzee akajibu vilevile. Kijijini walisema mali ya bahili huliwa na mchwa. Sidonia hakuwabishia.

Leo angalau bahili alikuwa amelegea. Atafanyiwa macho. Sidonia alishaulizia hata bei hospitalini.

"Baba, tukitoka hapa twende moja kwa moja kwa daktari?"

"Tubadilishe kwanza," mzee akasema.

Alikuwa amelikumbatia kopo kwa mikono miwili. Sidonia akakumbuka mara ya mwisho kuuona mlango wa tembe lile umefungwa. Ni miaka minane iliyopita, siku aliyokimbilia Mtera mkono umening'inizwa kwa kanga. Baba alikuwa machungani. Aliyemkuta uani ni baba mdogo Ebenezer, aliyesimamia ndoa yake. Ebenezer aliutazama ule mkono, akahema. "Mahari ilishaliwa, mwanangu. Ukirudi, wale watu tutawarudishia nini?" Sidonia alimwomba asimwambie baba, asije akaumia bure, kisha akapanda basi la kurudi. Ebenezer aliitunza siri hiyo hadi kaburini.

"Karibuni."

Dirishani alikuwepo binti mmoja, beji yake imeandikwa Devota. Akamwamkia mzee shikamoo, akaukata mpira wa baiskeli kwa mkasi, akazitoa noti. Zilikuwa nyekundu, za elfu kumi kumi, zimenyooka kana kwamba hazijawahi kuingia mfukoni mwa mtu. Akahesabu arobaini na nane. Halafu akaziweka chini taratibu.

"Mzee wangu, mwisho ulikuwa Jumamosi."

"Leo ni lini?"

"Jumatatu."

"Jumatatu na Jumamosi ni jirani, binti yangu."

"Ni kweli, babu. Lakini mfumo umefungwa. Hata meneja hawezi."

"Ningekuja wiki iliyopita?"

Devota akainamisha macho. "Ungepata zote."

Wiki iliyopita. Wiki iliyopita Sidonia alikuwa amesimama jikoni kwake, anaomba ruhusa. Simu ikaita mkononi mwake. Jina la Meshack likawaka. Akaiacha iite mpaka ikachoka.

"Baba, nisamehe," akasema. "Nitasuka vikapu, nitafanya vibarua, pesa ya macho nitaitafuta mwenyewe."

"Macho?" Mzee akageuka upande ilikotoka sauti. "Nani kakwambia ni ya macho?"

Devota akazirudisha noti kwenye kopo moja baada ya nyingine, kwa heshima, ingawa hazikuwa na thamani tena. Mwisho akasukuma karatasi iliyokunjwa mara nne. "Hii ilikuwa chini kabisa. Msiisahau."

"Nisomee," mzee akamwambia Sidonia. "Mimi sioni."

Wino ulikuwa umefifia, lakini mwandiko wa marehemu Ebenezer aliufahamu. Akasoma kwa sauti, bila kuharakisha, kama mtoto wa darasa la kwanza:

"Fedha taslimu, badala ya ng'ombe sita. Shilingi laki nne na themanini elfu. Imetolewa na baba yake Meshack. Imepokewa na Yotham, mahari ya binti yake Sidonia."

Mzee akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wake, juu ya sweta, pale pale palipouma.

"Sikula hata moja," akasema. "Niliweka ili ukichoka na wale watu niwarudishie. Miaka ishirini na moja nakungoja, mwanangu. Mbona hukuja hata siku moja?"