Marumaru za Kijivu

"Nyeupe, bluu au kijivu, mama?" muuzaji aliuliza, akilaza marumaru tatu juu ya kaunta.

Hildegardi aliweka kiganja juu ya ile ya kijivu. Ilikuwa baridi, na ubaridi wake haukumwambia kitu. Marehemu mumewe ndiye aliyeitaka rangi hiyo ukutani nyuma ya jiko, ati haionyeshi masizi. Yeye alikuwa akimkatalia: kijivu ni cha makaburini, na hawezi kuwapikia watu ugali makaburini. Wakabishana hivyo msimu mzima wa kahawa, wakicheka.

Sasa fundi alikuwa nyumbani anasubiri.

"Hii," alisema.

"Ya jikoni?"

"Ya jikoni."

"Ukuta una ukubwa gani?"

"Mita mbili kwa moja," alijibu bila kufikiri.

Muuzaji akaacha kubonyeza kikokotoo. Kipimo kile alikifahamu. Wafiwa wa Mbinga nzima humjia nacho, wakitaka kujengea makaburi.

"Mama," alisema taratibu, "hicho ni kipimo cha kaburi."

Hildegardi hakuondoa kiganja. Alikitazama kana kwamba ni cha mtu mwingine.

"Basi ongeza na za jikoni."