Kijiti cha Kupimia Mboji

Kasuku alifundisha kilimo akiwa juu ya mti, asije akachafuliwa na samadi. Panya, mwoga kuliko wanafunzi wote, ndiye aliyetumwa kwenye lundo la mboji.

"Chomoa kijiti ukishike," Kasuku alisoma kitabuni. "Kikiwa na joto, mboji inaiva."

Panya alilichungulia lundo. Jana kijiti kilichochomekwa humo kilikuwa kimoja. Leo zilichomoza ncha mbili.

"Mwalimu, njoo uone..."

"Shika, usinipotezee muda!"

Panya akafumba macho, akashika ncha ya karibu.

"Kina joto, mwalimu."

"Safi sana!"

"Kina magamba."

"Vuta!"

"Mwalimu wangu, kinajikunja!"

Kasuku akapekua kurasa zote haraka, kisha akahamia tawi la juu zaidi.

"Hilo," akasema, "halimo kitabuni."